Uzi Umejaa Nyumba: Mwongozo Kamili kwa Mfumaji wa Nyanda za Juu Kusini

Huku kwetu sababu ya kununua uzi haikosekani. Juni inakuja na baridi yake. Wifi ni mjamzito. Mtoto amepangiwa shule Njombe. Dukani wamefungua mzigo mpya, na rangi ya damu ya mzee imebaki mabonge manne tu, na dada wa dukani, ambaye anakujua kuliko unavyojijua, ameshayatenga pembeni kabla hujamaliza kusalimia. Ukifika nyumbani unakuta damu ya mzee nyingine sita, za mwaka juzi, bado zina karatasi zake.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefikia hapo. Sitakushauri ugawe vyote ubaki na mabonge mawili na moyo mweupe. Ushauri huo hutolewa na watu wasiofuma. Uzi mwingi ni mali. Kinachotusumbua ni kuuhesabu kwa kilo na kwa rangi, wakati kinachopungua nyumbani ni jioni za kuufuma. Ukishajua akiba yako ni jioni ngapi, maamuzi mengine yote yanakuwa mepesi, hata lile la kutokanyaga dukani.

Hatua ya 1: Toa kila kitu nje

Tafuta siku mbili za jua zinazofuatana. Iringa na Mbeya mjini utazipata bila shida kati ya Juni na Oktoba, ila usianze kabla ya saa nne asubuhi, jua liwe limeshakausha umande. Aliye Tukuyu achukue siku yoyote atakayojaliwa. Maeneo mengi ya Rungwe yanapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na jua halingoji mtu.

Tandika mkeka au turubai, kisha toa uzi wote. Nikisema wote namaanisha na ule wa ndani ya sufuria kubwa ya shughuli. Na ule wa kwenye kiroba ulichokiandika UNGA kwa kalamu nyeusi. Na wa kwenye foronya, ule mto wa wageni ambao wageni wanasema una upande mgumu. Begi la shangazi kaja lililo juu ya kabati lishuke pia. Baba watoto akipita na kuuliza, "Mama, hivi vyote ni vya nani?", mjibu kwamba ni vya kazi, na umpe sweta ashike. Mwenye mikono iliyojaa haulizi maswali mengi.

Katikati ya uzi utakutana na viporo: mgongo wa sweta usio na mikono, soksi moja, nusu ya skafu. Hivi viamulie hapohapo, maana ukivirudisha havitatoka tena. Kama aliyekusudiwa bado anaenea na kimebaki chini ya nusu ya kazi, weka kando ukimalize. Kama mtoto mwenyewe sasa ana urefu wa mlango, fumua. Usisahau kuchomoa sindano. Wengi wetu tunanunua sindano za milimita 4 kila mwaka wakati jozi tatu zimelala ndani ya viporo.

Hatua ya 2: Jua ni uzi wa nini

Karatasi ikiwepo, isome: aina ya uzi, uzito, urefu kwa mita, na namba ya mkupuo wa rangi, yaani kundi la uzi uliotiwa rangi kwa pamoja. Hiyo ya mwisho ndiyo hudharauliwa. Mabonge mawili yenye rangi ya jina moja lakini mikupuo tofauti yanaweza kulingana kabisa ndani ya nyumba, halafu ukitoka juani sweta lina mstari tumboni. Ukiwa nayo tayari, dawa ni kufuma mistari miwili kutoka bonge hili na miwili kutoka lile, kwa kupokezana, ili tofauti itawanyike.

Uzi usio na karatasi, na huku kwetu ndio mwingi, unapimwa kwa moto. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa kibanio cha chuma juu ya sahani ya bati, maji yawe karibu, watoto wawe mbali na mkeka pia uwe mbali. Washa ncha.

Sufu, yaani manyoya ya kondoo, inajikunja kuukimbia moto, inaungua taratibu na mara nyingi inazimika yenyewe. Harufu yake ni ya nywele zilizoungua, na jivu ni jeusi linalosagika kwa vidole. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi, inaacha jivu laini la kijivu. Akriliki inayeyuka huku ikitoa moshi mweusi, na ikipoa inabaki na punje ngumu nyeusi isiyovunjika kwa kucha. Usiiguse kabla haijapoa. Uzi wa mchanganyiko utakupa dalili zaidi ya moja. Uandike "mchanganyiko" uendelee.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu sufu inaliwa na nondo na akriliki hailiwi. Kwa sababu sufu ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa inashikamana na kusinyaa mpaka sweta la mtu mzima linamtosha mdoli. Na kwa sababu ya vishikio vya sufuria. Kila mfumaji mwenye mabaki hufikiria kutengeneza vishikio vya sufuria, na akriliki ndiyo mabaki yaliyo mengi. Usithubutu. Akriliki ikigusana na sufuria iliyotoka kwenye mkaa inayeyuka, na kinachoyeyuka kinaganda kwenye ngozi. Vishikio ni vya pamba au sufu nene, basi.

Hatua ya 3: Kagua wadudu na unyevu

Nondo mkubwa anayeruka hali kitu. Anayekula ni funza wake, na anapenda sufu iliyokaa gizani bila kuguswa, hasa yenye jasho au mafuta ya mwili. Dalili zake ni uzi unaokatikakatika ukiuvuta, utando mwembamba kama wa buibui, na punje ndogo mfano wa mchanga chini ya mfuko. Bonge lenye dalili hizo litenge mara moja. Kama halijaharibika sana, lifunge vizuri ndani ya plastiki isiyoingiza hewa, uliweke kwenye friza kwa wiki mbili. Friza nyingi za nyumbani zina nyuzi joto 18 chini ya sifuri, na hiyo inatosha. Huna friza, mwombe jirani anayeuza barafu. Mwambie tu mapema, asije akauliza mbele ya wateja. Likitoka, lisifunguliwe mpaka lirudi kwenye joto la chumba, vinginevyo litalowa.

Sasa neno kuhusu naftalini, zile punje nyeupe za kabatini. Zinaua wadudu, ndiyo, lakini usiziweke kwenye uzi au nguo za watoto wachanga. Mvuke wake ni sumu, na mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo ngeni kwetu Afrika, anaweza kuvunjika chembe nyekundu za damu na kupata manjano kali kwa kuvalishwa nguo iliyohifadhiwa nazo. Nusu ya kazi zetu ni za wachanga, kwa hiyo mimi sizitaki nyumbani kabisa. Majani ya mwarobaini au ya mkaratusi yananukia vizuri na huenda yakamfukuza mkubwa, ila funza aliyekwisha kuingia hajali harufu. Kinachosaidia zaidi ni usafi, na kuutikisa uzi juani kila baada ya miezi michache.

Uzi wenye harufu ya uvungu, uoshe ukiwa shada, yaani umezungushwa duara kubwa lililolegea, si ukiwa bonge. Bonge hukauka nje na kubaki bichi katikati.

Hatua ya 4: Pima, kisha hesabu jioni

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari la kurasa mia, na mzani. Mzani mdogo wa jikoni unaopima kwa gramu ndio mzuri. Wa dukani kwa Mangi pia unafaa, ukivumilia kuulizwa kama unafungua kiwanda.

Pima uzi wote kwa jumla, andika. Tuseme umepata kilo 12. Usishtuke, wapo wenye zaidi na wanalala usingizi.

Jioni moja, pima bonge kabla ya kuanza kufuma. Fuma saa moja kwa mwendo wako wa siku zote, pamoja na kugeuza maharage na kumjibu mtoto. Pima tena. Tofauti ndiyo kasi yako. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4, ukikuta gramu 8 uko vizuri tu. Saa mbili kila jioni ni gramu 16. Toa siku ya kwaya na siku ya kikao cha kikoba, zinabaki jioni tano kwa wiki: gramu 80. Kwa mwaka ni kama kilo 4 na kidogo.

Kwa hiyo zile kilo 12 ni karibu miaka mitatu ya kufuma bila kununua hata bonge moja. Bila msiba, bila harusi, bila kulima. Ukiweka na msimu wa mahindi, sema minne. Jibu likikufikisha kwenye harusi ya mjukuu ambaye mama yake bado yuko chekechea, umeshajua tatizo liko wapi.

Hesabu hiyohiyo inakupa ratiba. Sweta la mtu mzima hula gramu 400 hadi 600. Chukua 500: kwa kasi ile ni jioni 31, yaani wiki sita na ushei. Baridi inashika kuanzia mwishoni mwa Mei, na Makete na uwanda wa Kitulo, uliopo mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai huamka na sakitu. Anayetaka sweta lake liwe tayari Juni mosi aanze katikati ya Aprili, akichelewa sana. Wateja wanaokuja Juni kumi na mbili kuagiza sweta la wiki ijayo waambie ukweli, kisha waonyeshe kofia.

Hatua ya 5: Gawa uzi kwa kazi, achana na rangi

Picha za uzi uliopangwa kama upinde wa mvua zinapendeza, ila hazikusaidii kitu. Panga kwa unene na kwa wingi, ukijiuliza: rundo hili linatosha nini?

Kwa uzi wa unene wa kati, kofia ya mtoto mchanga inataka gramu 25 hadi 30, na soksi zake kama 20. Sweta lake gramu 100 hadi 150. Mzula wa mtu mzima unaingia kwenye gramu 80 hadi 100, skafu 150 hadi 200. Uzi mwembamba usiotosha kitu unaweza kufumwa nyuzi mbili kwa pamoja ukawa mnene, na rangi mbili zikishikwa hivyo zinatoa madoadoa mazuri yanayoficha mikupuo isiyolingana. Hii ni mbinu ninayoipenda kuliko zote, maana inamaliza uzi kwa kasi mara mbili.

Kila rundo liingie kwenye mfuko wake pamoja na kikaratasi: nini, cha nani, sindano namba ngapi, gramu ngapi. Rundo lisilopata jina la kazi weka upande wa pili. Utaona rundo hilo lina tabia moja: uzi wenye nyuzi za kung'aa za dhahabu, ule wenye manyoya marefu unaonasa kila kitu, na lile bonge la rangi nane ulilolipenda likiwa bonge na kulichukia lilipokuwa mstari wa tano. Hizo toa. Hazitafumwa.

Kuna swali linalotokea kila mara mwishoni mwa kazi: je, kilichobaki kinatosha mstari mmoja zaidi? Kwa ufumaji wa kawaida wa sindano mbili, mstari mmoja hula uzi wa karibu mara tatu ya upana wa kazi. Tandaza uzi mara tatu na ushei juu ya kazi yako kabla ya kuomba Mungu.

Hatua ya 6: Sweta za mitumba zinazosubiri kufumuliwa

Hapa ndipo akiba zetu zinapotofautiana na za wafumaji wa Ulaya. Sisi tunaficha uzi ambao bado ni sweta. Umelipata Mwanjelwa, sufu safi, la mwanaume mnene, kwa bei ya bonge moja, na tangu siku hiyo limekaa na wenzake likingoja ukombozi. Mengine hayatakombolewa kamwe, na unaweza kuyajua kwa dakika moja.

Ligeuze ndani nje, angalia mshono wa ubavuni. Ukiona kitambaa kimekatwa na ukingo umezungushiwa nyuzi nyembamba za cherehani, liache. Kila mstari wake umekatika pale, na utakachovuna ni vipande vya urefu wa tumbo la mtu. Unalolitaka lina ukingo mzima: kila upande wa mshono una vitanzi vilivyopangana kama mnyororo bila kukatwa, na mshono wenyewe umepitishwa kwa uzi uleule au unaofanana nao. Angalia pia kama limeshashikamana kwa kufuliwa vibaya. Vuta uzi mmoja; usipotaka kuachana na mwenzake, hilo lishonee mto. Uzi mwembamba mno na wenye manyoya marefu nao uache, utakutoa machozi.

Lililofaulu lioshe kwanza. Halafu tafuta uzi wa mshono, si wa sweta, ukate kwa mkasi mdogo au wembe, uuchomoe taratibu. Anza na mikono na kola, malizia mbavu. Sasa una vipande vinne au vitano. Sweta nyingi zilianza kufumwa chini kwenda juu, kwa hiyo fumuo linaanzia juu, mabegani. Kata kitanzi kimoja kwenye mstari wa mwisho, vuta, utasikia ule mlio mdogo wa vitanzi vikiachia kimoja baada ya kingine. Ukianzia chini utabishana nao mpaka usiku.

Uzi unaotoka uzungushe kwenye mgongo wa kiti au kwenye mikono ya mtoto aliyerudi shule, kwa malipo ya kitumbua. Ukikatika, funga fundo la muda, songa mbele. Shada likijaa lifunge kwa vipande vya uzi sehemu nne, bila kubana, ulichovye kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo kwa nusu saa, usuuze, ulitundike kivulini na chupa ndogo ya maji kwa chini ili mikunjo inyooke. Akriliki isipigwe pasi kamwe, hata ikibaki na mawimbi. Ikishapata joto kali inalegea moja kwa moja na hairudi.

Sweta zinazosubiri ziandikwe kwenye daftari kama uzi. Zina gramu zake.

Hatua ya 7: Mabaki

Chini ya gramu 20 ni mabaki. Yachambue kwa unene tu na uyaweke pamoja. Blanketi la vipande vya kroshia ndiyo njia ya uhakika: kila kipande sentimita 10 kwa 10, rangi yoyote katikati, na rangi moja ileile ukingoni mwa vyote ili lisionekane la kuokoteza. Vipande 80, nane kwa kumi, vinatoa blanketi la kitanda cha mtoto lenye sentimita 80 kwa mita moja. Uzi wa chini ya sentimita 30, tumia kujazia midoli. Vitambaa vya makochi sivitaji. Kochi likishavaa vitambaa pande zote halihitaji kuongezewa.

Hatua ya 8: Hifadhi

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni mosi, 2019, na kwa uzi haikuwa nzuri sana hata wakati ule. Ndoo za lita 20 zenye mifuniko inayobana ni bora: panya hapiti, nondo hapiti. Zile zilizokuwa za rangi zioshwe mpaka harufu iishe. Uzi uingie ukiwa mkavu kabisa, maana unyevu ukifungiwa humo unaota ukungu. Kwa Tukuyu na Kyela fungua mifuniko kila siku ya jua. Ndoo zisikae sakafuni wala karibu na jiko, na kila moja iandikwe ubavuni. Ubavuni, kwa sababu juu utapanga nyingine.

Usiviringe bonge kwa nguvu. Uzi uliovutwa muda mrefu unapoteza mnyumbuko, sweta likifuliwa linarudi na kufupika. Viringa juu ya vidole viwili, kisha vichomoe.

Hatua ya 9: Unaoondoka, na unaoingia

Lile rundo lisilo na jina lipeleke kwenye kikundi chenu. Siku ya kikoba kila mmoja aje na uzi asioutaka, uwekwe mezani, upimwe, mbadilishane gramu kwa gramu. Sheria iwe kwamba unaruhusiwa kuondoka na pungufu ya ulicholeta na hauruhusiwi kuzidisha. Kinachobaki mezani wapewe wasichana wanaojifunza. Uzi wa dhahabu unawafaa, bado wana matumaini. Ukitaka kufumia wachanga wa wodini, kofia na soksi, uliza kwanza wauguzi wanataka saizi gani na uzi gani, na ufume kwa uzi laini wa pamba au akriliki inayofulika, bila vifungo wala nyuzi ndefu ndani ambazo kidole cha mtoto kitanasa.

Kuhusu dukani, nenda na daftari. Kabla ya kulipa, tafuta ukurasa wa unene huo uone unao gramu ngapi, kisha mwambie dada wa dukani unataka kufuma nini, kwa sauti. Ukishindwa kutaja nini na cha nani, rudisha. Msafara wa Kariakoo ni suala jingine: huko bei inashuka, nauli ya basi imeshalipwa, na akili inasema ni hasara kurudi mikono mitupu. Beba kiasi cha fedha kinachotosha kazi moja, na begi dogo. Atakayekuja nawe asiwe mfumaji.

Ukinunua bonge jipya, kilo moja itoke kwanza kwenye ndoo, iwe imefumwa, imeuzwa au imebadilishwa. Wifi akijifungua mapacha, hapo tutazungumza.